Shikamoo Uliyoniachia Wodini

Tata mpendwa,

Kuna salamu yako ambayo sijaijibu. Wewe ulikuwa mtu wa salamu, kwa hiyo naamini huko uliko bado unaikumbuka, na huenda umeshawasimulia wenzako kwamba binti yako, mchungaji mzima, aliamkiwa akabaki anatazama blanketi. Nimeamua kukujibu, tena mbele za watu, ndiyo maana barua hii naiacha wazi. Ila unanijua, sifiki mlangoni kabla sijaizunguka nyumba. Nivumilie kama ulivyozoea.

Walionichokoza ni vijana wa hapa Mugumu wanaosherehesha harusi na misiba. Walinijia juzi wakaniomba niwaandikie karatasi moja tu: padre anaitwaje, mchungaji anaitwaje, askofu anatambulishwaje, nani anapigiwa goti na nani anapewa mkono. Walikuwa wametoka kuaibika. Kwenye harusi ya watu walimkaribisha sista mmoja kwa kipaza sauti wakamwita "mama padre," ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na sista wa watu akainamia sahani yake ya wali. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Halafu nikakaa mezani kuwaandikia, na kila nililoliandika lilikuwa linatoka na sauti yako.

Nikakuona Susuni, Jumamosi mchana, umesimama mbele yetu watoto wa mafundisho ndani ya ile suruali ya kaki. Ulikuwa ukiipiga pasi mwenyewe kwa pasi ya mkaa, kwa madai kwamba mama yetu huacha mistari miwili. Kijiji kizima kilikuita Mwalimu ingawa hukuwahi kushika chaki ya serikali. Ulikuwa katekista. Padre alifika kwetu mara chache, na mvua ikinyesha alikuwa hafiki kabisa, kwa hiyo Jumapili nyingi wewe ndiye uliyetuongoza sala, na wazee wengi wa pale wewe ndiye uliyewasindikiza kaburini.

Makatekista wengine walifundisha amri za Mungu na sakramenti wakamaliza. Wewe uliongeza somo lako ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote, namna ya kumpokea mtumishi wa Mungu, awe wetu au wa wenzetu. Ulisema kwetu mtu hazikwi na dhehebu lake peke yake. Mkwe ni Msabato, shemeji ni Mmennoniti, jirani ameokoka, na wote watakuja matangani na viongozi wao, na kila kiongozi atataka kuitwa anavyoitwa kwao.

Basi ukatufundisha. Padre anasalimiwa Tumsifu Yesu Kristo, naye anajibu Milele amina. Ukimwambia Bwana Yesu asifiwe hatakupiga, lakini atajua mwalimu wako alikuwa amesinzia. Askofu ni Baba Askofu, na ukiwa unamtambulisha mbele ya watu unatanguliza Mhashamu. Akikupa mkono unapiga goti na kuibusu pete bila kuilowesha, na hapo ulimtazama Marwa wa jirani, ambaye mafua yake yalikuwa hayaponi. Sista ni Sista hata kama ana umri wa bibi yako. Bruda si padre ambaye hajaiva, ni bruda, ana nadhiri zake na anajitosheleza. Kwa Walutheri, Wamennoniti na Wasabato unasema Mchungaji. Kwa Wasabato, mchungaji asipokuwepo, anayeongoza ni mzee wa kanisa, na usimdharau kwa kuwa hana kola shingoni. Waanglikana wana kasisi, na aliyeongezewa heshima wanamwita Kanoni. Kwa ndugu zetu waliookoka utakuta Mchungaji, Mwinjilisti, Mtume na Nabii, wakati mwingine wote ndani ya hema moja, na kila mmoja utampa lake.

Na ukiwa hujui, uliza. Kuuliza si ujinga, ulisema, ujinga ni kukisia mbele ya jeneza la mtu. Wewe mwenyewe nilikuwa nakuona misibani ukimsogelea kijana wa bodaboda aliyemleta mgeni, ukimwinamia sikioni na kumuuliza kwao huyu wanamwitaje. Wengine waliona ni mambo madogo hayo. Mimi nilikuwa najivuna kuwa mtoto wako.

Lakini somo nililolishika kuliko yote hukulitoa darasani. Ni siku ile alipoletwa Padre Mwita, kijana wa hapohapo jirani, mafuta ya upadrisho hayajakauka mikononi. Wazee wa Susuni walikwama. Kwetu mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa, na huyu alikuwa rika moja na watoto wao wa mwisho. Mzee Nyamhanga alisema waziwazi kwamba hawezi kumpa shikamoo mtoto aliyekuwa anamfukuza kwenye mihogo yake. Wakasimama pale nje ya kanisa kama ng'ombe waliofika kwenye daraja jipya, hakuna anayetaka kutangulia.

Ukavua kofia, ukaenda. Uliinama kidogo, wewe mwenye mvi, mbele ya kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajiuliza kama zitoke au zisitoke. "Shikamoo, Padre."

Nilimwona akimeza mate. Alitazama chini, akatazama watu, kisha akasema, "Marahaba, baba." Baada ya hapo wazee wote wakapanga foleni, hata Nyamhanga, ingawa yeye aliitoa ile shikamoo kama mtu anayeng'olewa jino.

Jioni, tukiwa tunapukuchua mahindi, nilikuuliza kwa nini umemwamkia mtoto. Ulisema hukumwamkia mtoto, uliamkia mzigo aliobebeshwa. Kisha ukasema jambo ambalo sikulielewa wakati ule. Ulisema kuamkia ni rahisi, kupokea ndiyo kazi. "Angekataa, angeniacha nimeinama peke yangu."

Mimi ulikuwa unaniita mama. Nilirithi jina la mama yako, Bhoke, na tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni hukuwahi kuniita kwa jina hilo, kwa sababu mtu hamwiti mama yake kwa jina. Asubuhi ulikuwa unanitania, unasimama mlangoni na jembe begani unasema, "Shikamoo, mama," nami ninajibu marahaba kwa sauti ya kibibi, halafu nyumba nzima inacheka. Nilijibu kila asubuhi wala sikuona uzito wowote. Kama kuna mtoto aliyependwa zaidi ya hapo katika wilaya nzima ya Tarime, aje tushindane.

Kisha nikakua, nikaolewa huku Serengeti na Makuru wangu, fundi pikipiki, Mlutheri. Nikamfuata kanisani kwake, na huko nikasikia wito ambao sikuwa nimeuagiza. Nilipokuja Susuni kukuambia kwamba nakwenda chuo kusomea uchungaji, ulikoroga chai mpaka ikapoa. Ulikuwa Mkatoliki wa kufa na kuzikwa, na umefundisha watoto wa watu maisha yako yote, na sasa wa kwako ndiye anayehama, tena anahamia madhabahuni. Wenzako walikutania sana, najua. Uliniuliza tu kama chuoni kuna baridi, nikasema ipo, ukaniambia nibebe sweta mbili.

Siku nilipowekewa mikono ulikuja. Uliketi benchi la nyuma, ukaimba nyimbo ulizozijua na zile usizozijua ukazifuata kwa midomo. Ibada ilipokwisha watu walipita mmoja mmoja kunipa mkono, na kila mmoja alisema hongera Mchungaji, hongera Mchungaji. Nilikuwa nakuona unavyosogea kwenye foleni. Moyo ulinidunda kuliko wakati askofu alipokuwa ananiuliza maswali. Ukafika, ukanishika mkono kwa mikono yako yote miwili.

"Hongera, mama," ukasema, ukanipa mwavuli mweusi mpya, ukapita.

Tata, iliniuma. Nakuambia leo kwa sababu sikuwahi kukuambia. Wewe uliyempa kila mtu haki yake, hukunipa yangu. Nilijifariji kwamba utazoea. Mwaka ukapita, na mwingine, hukuzoea. Watu wote wa Susuni waliniita Mchungaji, mama yetu aliniita Mchungaji akiwa anataka nimletee kitu kutoka mjini, hata Makuru aliniita hivyo nikiwa nimemkasirikia. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa bado unasema mama.

Sisemi kwamba hukunitambua. Nakumbuka tulipoalikwa chakula Matongo, kwa ndugu wa mama. Wenyeji walijua wanatembelewa na mchungaji na mwenzi wake, wakajiamulia wenyewe nani ni nani. Makuru akapewa kiti chenye mto, akanawishwa mikono kwanza, na mimi nikawa naitwa Mama Mchungaji, yaani mke wa mkubwa. Yule mume wangu hana aibu. Aliitikia, akawabariki watoto, na firigisi ya kuku ilipotua kwenye sahani yake alikuwa ameshaikunjia ugali. Ukanyoosha mkono taratibu, ukaiondoa kwenye sahani yake, ukaiweka kwenye yangu. Wazee waliokuwepo waliguna, maana kwetu firigisi haiendi kwa mwanamke. Uliendelea kula mboga zako, na mimi nikaila ile firigisi huku machozi yananilengalenga, nikasingizia pilipili.

Lakini mtoto ni mtoto, nilitaka neno lenyewe. Na ndipo ukaja msiba wa binamu yetu kule Kewanja. Unamkumbuka yule bwana wa hema aliyeanzisha huduma karibu na mgodi, mwenye viatu vyeupe na kijana wa kumbebea kiti. Watu walimjua tangu akiuza betri za redio, na walikuwa wanachekea kwenye viganja vyao. Mshereheshaji alimtambulisha kwa jina lake tu, kama mtu anayeita mwanafunzi mwenzake. Ukainuka, ukamnong'oneza mshereheshaji, kisha ukageukia watu ukasema, kwa sauti yako ya Jumamosi, tumsikilize Nabii. Kicheko kikakatika, na yule bwana akaongea kwa adabu kuliko alivyowahi kuongea maishani mwake.

Mimi nilikuwa nimekaa na kola yangu shingoni, nimekasirika. Tulipokuwa tunatembea kurudi barabarani kutafuta bodaboda, nikashindwa kujizuia. Nikakuuliza inakuwaje wewe unamwita mtu wa hema Nabii, na mimi unaniita mama.

"Yule nikimwita Nabii hakuna ninachopoteza," ukasema.

Nilisubiri uendelee. Ukaanza kuulizia bei ya mahindi Mugumu, nami nikanuna mpaka tulipoagana.

Sasa nakuja wodini, tata. Nimezunguka nyumba nzima, sasa nimekaribia mlango.

Ulikuwa umelazwa Tarime mjini. Mimi nilikuwa nimetoka kuzika muumini wangu, nikapanda gari vivyo hivyo na kola, na mwavuli wako mweusi mkononi kwa sababu mvua ilikuwa inapiga. Ilikuwa mchana, uji ulikuwa umeletwa na ulikuwa hujaugusa. Uliponiona nikiingia ulifanya jambo la ajabu. Ulijiinua kwa kiwiko, mkono mwingine ukiwa na dripu, ukahangaika mpaka ukaivua ile kofia ya sufu aliyokufumia mama. Mzee wa kitanda cha pili akaacha kukohoa akatazama.

"Shikamoo, Mchungaji."

Neno nililolisubiri miaka yote lilikuwa limekuja, na limekuja na shikamoo mbele yake. Halikuwa mzaha wa asubuhi na jembe begani. Ulikuwa umenyoosha uso vilevile kama siku ile mbele ya Padre Mwita. Nami, tata, mdomo ulinikataa. Ningeitikia, ningekuwa nimekubali kwamba wewe ndiye uliyelala na mimi ndiye niliyesimama. Ningekuwa nimekubali mambo mengi ambayo sikuwa tayari kuyakubali mbele ya bakuli la uji uliopoa.

"Tata, usifanye hivyo," nikasema, nikaanza kukunyooshea blanketi ambalo halikuwa limekunjamana.

Ulibaki umejiinua kwa muda, unanitazama. Kisha ukacheka kidogo, kile kicheko cha puani. "Padre alijibu," ukasema, ukajilaza.

Uliomba nikuombee. Nikaweka mkono kwenye paji la uso wako nikaomba, na ukasema amina. Baada ya hapo ukasema, "Mama, nipe maji," na mimi nikafurahi kurudishiwa jina langu, nikadhani mambo yamekwisha. Nikakunywesha uji vijiko vichache. Nikaenda Mugumu kwa ibada ya Jumapili nikijua nitarudi Jumatatu. Jumatatu niliyorudia ilikuwa ya kukuzika.

Padre Mwita ndiye aliyekuzika, naye sasa ana mvi. Vijana wa kipaza sauti walitangaza mapadre na wachungaji wakae upande wa kulia, chini ya turubai. Sikwenda. Nilikaa mkekani na dada zangu, nimejifunga khanga kiunoni kama binti yeyote aliyefiwa. Kabla ya kufukia, Padre alivuka uwanja akaja mpaka pale mkekani, akaniinamia. "Mchungaji, Mwalimu alikuwa wako kabla hajawa wetu," akasema. "Karibu utuombee." Niliinuka nikaomba, na sauti ilinibeba vizuri kuliko nilivyotegemea. Watu walisema nilikuwa jasiri. Mimi nilikuwa nafikiria kofia ya sufu.

Tangu hapo nilianza kuikimbia shikamoo. Hapa usharikani kuna Mzee Wambura, amekuzidi umri, ana fimbo na koti linalofika magotini. Kila Jumapili mlangoni anavua kofia ananipa shikamoo, na kila Jumapili nilikuwa namrukia na Bwana asifiwe kabla neno halijamtoka vizuri. Nilidhani ni unyenyekevu. Wengine waliusifu. Jumapili iliyopita alinishika mkono hakuuachia.

"Mchungaji, salamu yangu ina kasoro gani?" akaniuliza. "Kila siku naitoa, kila siku narudi nayo nyumbani."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli, na kichwa chake kilikuwa wazi juani, kimeinama. Ndipo nikakusikia ukipukuchua mahindi. Angekataa, angeniacha nimeinama peke yangu. Nikaelewa pia lile la barabarani Kewanja, ambalo lilinichukua miaka. Nabii hakukugharimu chochote. Kuniita mimi Mchungaji kulimaanisha kunipeleka kwa watu, na ulikuwa na mama mmoja tu aliyebaki. Ulinishikilia mpaka siku ulipoona huwezi kunishikilia tena, na siku hiyo ukavua kofia.

"Marahaba, baba," nikamwambia Mzee Wambura. Akaachia mkono wangu, akavaa kofia, akaenda kutafuta chai.

Karatasi ya vijana nimewapa. Nimewaandikia yote, pete ya askofu, bruda asiyekuwa padre mbichi, mzee wa kanisa wa Kisabato, na kwamba mchungaji mwanamke anaitwa Mchungaji na mumewe fundi pikipiki anaitwa fundi. Makuru amelalamika kidogo. Mwishoni nimeongeza kwamba wasipojua waulize, kisha nikaona nimebakiza moja, lile la wanaoamkiwa, na hilo halikuwa la kwao. Lilikuwa langu.

Pumzika, Mwalimu wa Susuni. Mwavuli bado ni mzima, nimebadilisha waya mmoja tu. Mama anakusalimu, anasema suruali yako ya kaki hajampa mtu.

Nimefika mlangoni sasa. Nakuona umejiinua kwa kiwiko, kofia mkononi, na mzee wa kitanda cha pili ameacha kukohoa. Unaweza kujilaza.

Marahaba, tata.

Binti yako, uliyemwita mama,
Mchungaji Bhoke